Sura Uliyoiruka

9 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, na kwa huyo aliyemo tumboni ambaye bado hajui kuwa ana mama mkubwa mwenye maneno mengi. Hujambo? Miguu bado inavimba? Unakula, au unasoma tu na kusahau sufuria jikoni? Mimi mzima, isipokuwa kidole gumba kimeungua kidogo, na roho imeungua zaidi. Nitakueleza.

Kwanza furaha. Barua yako niliisomea chooni kazini, maana ndiko pekee kwenye mlango unaofungika, nikalia humo mpaka wenzangu wakagonga. Miezi minne na nusu, na hukusema kitu! Sikulaumu. Baada ya wale wawili tuliowapoteza hata mimi sithubutu kushangilia kwa sauti. Lakini daktari amekuambia ulale, usinyanyue hata ndoo, na shemeji yuko barabarani na lori lake wiki tatu kati ya nne. Nani atakupikia? Nani atakushika mkono siku ikifika? Mimi. Nimeshaomba likizo. Mama alipofariki ulikuwa na miaka sita, nikakusuka, nikakupeleka shule, nikakupiga kofi moja tu maisha yako yote. Siku yako ya kujifungua nitakuwepo, hilo halina mjadala.

Sasa balaa. Juzi saa nane mchana niliingia zamu hapa kwenye kiwanda chetu cha dobi. Boila linanguruma vizuri, geji ya mvuke iko inapotakiwa. Nikafungua vali ya mvuke unaokwenda kwenye mashine za pasi, kama ninavyofanya kila siku. Sikujua kwamba aliyenitangulia, yule tunayemwita Suruali Fupi, aliifunga tangu asubuhi kwa sababu kiungo cha bomba kimelegea. Alikuwa ameshaondoka bila kuniambia. Mvuke ukaingia kwenye bomba la baridi, bomba likagonga mara tatu, kiungo kikaachia, na mama mmoja wa kwenye pasi akaungua mkono kuanzia kiwiko mpaka vidole.

Hakuna aliyeuliza kiungo kililegea lini. Wote walinigeukia mimi. Unakumbuka Mzee wa Boila aliyenifundisha kazi alianguka kwenye ngazi akafa wiki ileile niliyokabidhiwa zamu yake. Mwezi uliofuata mashine ya kukaushia ikashika moto nikiwa napita tu na kikombe changu cha chai. Tangu hapo jina langu ni Bi Nuksi. Meneja amenirudisha nyumbani siku tatu "watu watulie". Nitumie kile kitabu unachokiandikia tasnifu, nisije nikaanza kuongea na kuta.

Dada yako


21 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini kidole kimepona na umerudi kazini. Mimi naendelea. Nalala ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa, na mbao za dari nimezihesabu mpaka nazifahamu moja moja. Mtoto anacheza, hasa nikinywa kitu cha baridi.

Pole sana, Dada. Usilikubali hilo jina hata kwa utani. Ningekupigia, lakini unajua sisi kwenye simu dakika ya tatu tunagombana, na hapa nimekatazwa kugombana.

Riwaya hiyo hapo kwenye bahasha, pamoja na nakala ya tasnifu yangu hadi nilipofika. Usiogope unene wake. Ni ya zamani, na kila aliyesoma shule anadai ameimaliza. Ni habari ya mjane muuza chumvi kwenye mji ulio chini ya bwawa. Watu wa mji wanaamini ana mkosi: ukikutana naye njiani asubuhi, unarudi nyumbani, unaketi, kisha unaanza safari upya. Miaka mingi wasomi wamebishana kama mwandishi mwenyewe aliamini mikosi. Mimi najaribu kuonyesha kitu kidogo tu. Katika kitabu kizima hakuna mkosi hata mmoja. Kila balaa ukilifuata nyuma, unamkuta mtu aliyeacha kufanya jambo fulani kwa kuogopa mkosi. Profesa anataka kazi yote mezani kwake kabla sijajifungua, na nimebakiza kurasa chache za hitimisho.

Kuhusu kuja kwako, usiharakishe. Paa la chumba cha wageni linavuja na fundi anatupiga chenga. Sitaki ulale katikati ya ndoo.

Mdogo wako


8 Machi

Mwalimu wangu,

U hali gani? Na mwenzio humo ndani? Mimi nimerudi kazini, kidole kimepona, ulimi haujawahi kuugua.

Nimefika sura ya saba. Mjane ananiudhi. Bwana harusi ameanguka kwenye farasi, yeye yuko upande wa pili wa barabara anapima chumvi yake, halafu anaomba radhi! Anaomba radhi kwa farasi wa mtu! Nilikifunga kitabu nikaenda kufua pazia ambalo halikuwa chafu. Kisha nikakumbuka kuwa siku ile ya bomba, mimi pia nilimwambia yule mama wa pasi "nisamehe", na mkono wangu haukuwa umefanya kosa. Nikakifungua tena.

Acha nikueleze ninavyoishi hapa, labda litakufaa kwenye kazi yako. Mzee wa Boila alinifundisha makabidhiano. Anayetoka na anayeingia wanasimama pamoja mbele ya kioo cha maji, kile kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila. Anayetoka anasema kwa sauti: maji yako hapa, geji iko hapa, nimefunga hiki, nimeacha wazi kile. Anayeingia anarudia yote. Ndipo wote wawili wanatia sahihi kwenye daftari la zamu. Alikuwa akisema boila halina mdomo, kwa hiyo sisi ndio mdomo wake.

Sasa Suruali Fupi anatoka saa nane kasoro dakika kumi kwa mlango wa nyuma, ule wa kupokelea dizeli, ili tusikutane. Mimi nakuta kofia yake haipo, kikombe chake bado cha moto, na boila linaunguruma peke yake. Nikimwuliza kesho yake anaangalia viatu vyangu na kusema, "Mambo yalikuwa sawa, dada, hakuna cha kusema." Kuna mwanamke wa meza ya kukunjia shuka anayegusa chuma kila nikipita. Kiwanda kizima ni chuma, kwa hiyo ana kazi kweli.

Nacheka, lakini naogopa, mdogo wangu. Kila saa nane naingia kwenye chumba chenye mvuke wa kutosha kung'oa ukuta, na sijui mwenzangu ameacha nini.

Paa lisikutie shaka, nitakuja na turubai. Nije wiki ya kwanza ya Aprili?

Dada yako


22 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi na mtoto hatujambo. Presha ilipanda kidogo wiki iliyopita, ikashuka.

Aprili haitawezekana. Mama mkwe amesema anakuja, na nyumba yenyewe unaijua, tukiwa watatu mmoja anapumulia dirishani. Tena daktari hataki nipate wageni wengi. Tuone Mei itakuwaje.

Nasikitika kwa hayo ya kazini. Mweleze meneja habari ya makabidhiano. Umefika kwa yule mjumbe? Ukifika, uniambie umeonaje.

Samahani kwa barua fupi, mkono unachoka nikiandika nimelala.

Mdogo wako


12 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama wewe na mtoto, maana mimi siko salama, na barua hii naituma kwa basi ili ifike upesi.

Juzi niliingia zamu, kama kawaida hakuna mtu. Nikatazama kioo cha maji. Kitupu. Nilidhani macho yangu. Nikafuta kioo kwa kitambaa. Kitupu kabisa, na moto unawaka chini kwa nguvu zote. Boila likikauka maji na moto unawaka, chuma chake kinaiva, na mtu akiingiza maji wakati huo kwa pupa, basi hapo hakuna kiwanda na hakuna mtaa. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi ya pampu ya maji. Umeshafika, unanielewa? Nikasikia sauti ya Mzee kichwani, nikaurudisha. Nikazima dizeli. Nikafungua milango, nikapiga kelele watu watoke, wakatoka huku wananitukana. Niliketi nje kwenye ukingo wa mtaro, nikisubiri chuma kipoe.

Suruali Fupi alikuwa ameisimamisha pampu ili asafishe chujio. Akasafisha, akasahau kuiwasha, akatoka kwa mlango wake wa nyuma.

Siku nzima hakukuwa na mvuke. Shuka za hospitali zilibaki zimelowa kwenye vikapu. Jioni wakaitisha kikao kwenye meza ya kukunjia. Mwanamke mmoja akasema, "Sisi hatumchukii, ila na sisi tuna watoto." Wengine wakaitikia. Meneja ameagiza mkaguzi wa boila aje Jumatatu ijayo, na ameniambia waziwazi kwamba mkaguzi akimaliza, mimi natafutiwa mlango. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na moja. Nitakuja kwako nikiwa sina kazi, na nikiwa na jina ambalo litanifuata kila kiwanda.

Nimemsoma mjumbe wako. Amebeba habari kwamba ukuta wa bwawa umepasuka, anakutana na mjane, anarudi nyumbani kwake, anaketi, anakunywa maji, anaanza upya. Mji umeshazama. Na waliopona hawamwulizi mjumbe kwa nini alichelewa. Wanamwuliza mjane alikuwa anatafuta nini barabarani.

Wewe ndiye uliyesoma. Nisaidie.

Dada yako


14 Aprili

Dada,

Shikamoo, na salamu nyingine zisubiri. Barua hii anakuletea dereva rafiki wa shemeji yako, ifike kabla ya Jumatatu.

Usijitetee kuwa huna mkosi. Ukianza hivyo umeshindwa, maana hakuna mtu anayeweza kuonyesha kitu ambacho hakipo. Fanya nilichofanya mimi na riwaya. Chukua daftari la zamu. Kwenye karatasi safi andika kila siku iliyotokea ajali au nusu ajali, tangu Mzee afariki. Mbele ya kila siku andika mambo matatu tu: nini kilifungwa au kuzimwa na zamu iliyotangulia, nani alikijua, na kama sahihi za makabidhiano zipo mbili au moja. Kisha andika pia siku ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Usiongeze maneno. Usilie. Mpe mkaguzi karatasi, halafu umwombe amwulize Suruali Fupi mbele yako swali moja: kwa nini sahihi yako haipo?

Dada, uliurudisha mkono kutoka kwenye swichi. Watu wote wale wako hai kwa sababu ya mkono wako. Nimeisoma barua yako mara nne, na kila nikifika hapo naiweka kando kwanza.

Mdogo wako


3 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mtoto hajambo? Mimi sijambo, na kazi ninayo.

Niliandika karatasi kama ulivyosema, bila kulia, ingawa herufi nyingine zimepinda. Mkaguzi ni mwanamke mfupi mwenye miwani ya kufungwa kwa kamba, anasoma polepole mpaka unatamani kumsukuma. Ajali na nusu ajali sita, zote sahihi ni moja. Siku ambazo Suruali Fupi hakuwepo kazini na zamu aliishika fundi wa mashine, sahihi mbili, tatizo hakuna. Akamwita, akamwuliza. Yeye akacheka kidogo, akasema, "Sasa mama, nani anataka kukutana na kisirani saa nane mchana?" Mkaguzi akaliandika jibu hilo neno kwa neno, akamgeuzia daftari, akamwambia, "Tia sahihi kwamba umesema hivyo." Nakuambia alitoka jasho kuliko boila.

Hajafukuzwa, na mimi sikutaka afukuzwe. Ana watoto, kama kila mtu. Lakini sasa makabidhiano ni lazima, ana kwa ana, na meneja anapita kuhakikisha. Suruali Fupi anasimama pembeni yangu, anasoma maji na geji huku anaitazama dari. Ni sawa. Sihitaji anipende, nahitaji aseme.

Kwa hiyo wewe, umelala kitandani na tumbo lako, umenisafisha mbele ya watu wasio ndugu zangu. Nilipotoka kwa mkaguzi nilitaka kuimba. Nikaenda kununua zawadi ya mtoto, nikarudi nyumbani, nikakaa kumalizia riwaya, na hiyo nakala ya tasnifu uliyoiweka ndani ya bahasha ya kitabu nikaisoma nayo, sura kwa sura, kitabu mkono huu na kazi yako mkono huu.

Umeandika juu ya bwana harusi. Umeandika juu ya mjumbe, kurasa tisa. Umeandika juu ya waashi, daktari wa mji, hata mbuzi. Sura ya kumi na nane ipo. Ya ishirini ipo. Ya kumi na tisa haipo.

Nimeisoma mara tatu, nikidhani labda haina maana. Mji umezama, mjane amelowa, hana pa kwenda, anakwenda kwa binti wa dada yake aliyemlea tangu utotoni. Anabisha hodi. Binti yuko ndani, kesho kutwa anaolewa. Amesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, anasikia sauti ya mtu anayempenda kuliko wote. Hafungui. Si mwovu. Mwandishi anasema wazi kwamba analia. Lakini hafungui.

Mtu aliyeandika juu ya mbuzi ameisahau sura hiyo?

Februari paa lilivuja. Machi mama mkwe. Nimemkuta mama mkwe wako sokoni huku wiki iliyopita akinunua ndala, ananiambia hajawahi kupanga safari. Nikaenda nyuma zaidi. Mimba ya kwanza nilikuja kukuona, ukaipoteza siku nne baada ya mimi kuondoka. Ya pili nilikuja kukuhudumia, ukaipoteza nikiwa jikoni.

Sitaki kuandika linalofuata, kwa hiyo nakuuliza tu. Paa limeshatengenezwa?

Dada yako


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Najua umekaa karibu mwezi mzima ukisubiri, na najua kila siku iliyopita bila barua ilikuwa jibu. Nilianza barua saba. Zote zilikuwa na paa jipya.

Paa halivuji. Halijawahi kuvuja.

Naweza kuandika kurasa mia na ishirini kuthibitisha kwamba mkosi haupo, na tanbihi chini yake. Halafu naweka kalamu, nashika tumbo, na nahesabu siku tangu mara ya mwisho uliponigusa. Daktari alinieleza sababu zote mbili, kwa majina yake, na nikamwelewa. Nikatoka pale nikiwa nimeelewa kabisa, nikafika nyumbani, nikaiondoa ile shuka uliyokuwa umetandika, nikaifungia kabatini. Sikuwahi kumwambia mtu. Hata shemeji yako hajui.

Barua yako ya Februari iliposema unakuja, nilifurahi, Dada, nakuapia, nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha mkono ukachukua kalamu ukaandika paa. Sikuamua. Ni kama ulivyoniandikia juu ya swichi, ila wewe uliurudisha mkono wako, na mimi sikuurudisha wangu.

Sura ya kumi na tisa sikuisahau. Niliisoma nikiwa na miaka kumi na saba, na nikamchukia yule binti. Mwaka huu nilipoifikia niliketi mbele ya karatasi siku mbili. Ningeandika nini? Wale wengine wote nimewashtaki. Mjumbe nimemwita mjinga. Yule binti nisingeweza kumwita kitu bila kujiita mimi. Jana nimemwandikia profesa kwamba tasnifu haijakamilika, na kwamba sura moja imebaki ambayo inavuruga hoja yangu yote, kwa sababu binti yule hakuwa mjinga.

Naona aibu. Kazini kwako walitoka kwa mlango wa nyuma watu usiowalea. Mimi nilikula mkononi mwako.

Presha imepanda tena, wanasema huenda wakanilaza mapema. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba uje. Najua sistahili kuomba.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata. Mimi ni mzima wa mwili.

Ingawa niko likizo, barua yako niliifuata kiwandani, na nilipoisoma nilikasirika mpaka nikapiga pasi shuka ileile mara tatu, na si kazi yangu kupiga pasi. Nilikuwa nimeshajua, lakini kujua mwenyewe na kuambiwa si kitu kimoja. Nimelia mbele ya watu, kwenye meza ya kukunjia. Yule anayegusa chuma akanipa leso yake, sijui baadaye ameichoma au vipi.

Nimekuandikia matusi ukurasa mzima, nikauchana. Ukurasa wa pili ulikuwa wa kukusamehe, nao nimeuchana, maana ulikuwa na maneno ya kwenye kadi. Huu wa tatu ni ukweli, usome ukiwa umelala.

Likizo yangu ilianza tarehe moja. Ulipokaa kimya Mei, niliapa nitakuja hata bila kuitwa, nikubishie hodi mpaka komeo ling'oke. Nimekwenda stendi mara tatu. Mara ya kwanza nilikata tiketi, nikapanda, nikakaa kiti cha dirishani. Dereva akawasha gari. Nikashuka. Nilimwambia kondakta nimesahau dawa. Mara ya pili nikafika kwenye dirisha la tiketi, nikarudi. Mara ya tatu, siku iliyofuata barua yako, barua inayosema njoo, niliishia getini.

Hukunizuia wewe. Wewe ulikuwa umeshaniita. Ni mimi. Nilipokuwa nimekaa kwenye kile kiti nilimwona mtoto wako, nikamwona vizuri kabisa, na nikaona mikono yangu inamkaribia. Nikajisemea: je, kama wao ndio wanaosema kweli? Karatasi ya mkaguzi inasema sahihi ilikuwa moja. Lakini tumboni mwako hakuna daftari la zamu, mdogo wangu. Hakuna wa kumwuliza nani alifunga nini. Wale wawili walikwenda nikiwa nimekuja, na hilo hakuna mtu anayeweza kulifuta.

Kumbe ndiyo maana nilimwomba radhi yule mama wa pasi. Kumbe mjane naye aliomba radhi kwa farasi kwa sababu hiyohiyo. Wakikuita hivyo kila siku, mwisho unaanza kujitazama kwa macho yao. Nimewachukia sana watu wa kiwandani, na wakati wote huo nilikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo sina haki ya kukutukana peke yako. Begi limefungwa, liko mlangoni, nalikanyaga kila nikipita. Sijui kama nitakuja. Nakuambia hivyo kwa sababu hatudanganyani tena.

Kula. Lala ubavu wa kushoto. Ukiumwa usinisubiri, mwite jirani.

Dada yako


22 Juni, saa nne asubuhi, kwenye korido

Mdogo wangu,

Nakuandikia nyuma ya fomu ya hospitali, kalamu ni ya muuguzi na ameniambia nisiondoke nayo. Jirani yako alipiga simu kiwandani jana mchana, kwa sababu hana namba yangu nyingine. Suruali Fupi ndiye aliyepokea. Alikimbia mpaka nyumbani kwangu, akasimama mlangoni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza mwaka huu, akasema, "Dada, mdogo wako amepelekwa hospitali, presha, wanasema si nzuri. Begi hili ndilo?" Akalibeba mpaka stendi. Sikupata nafasi ya kuogopa mpaka basi lilipokuwa limeshatoka mjini, na hapo nikaogopa safari nzima.

Muuguzi anasema daktari anafika ndani ya saa moja, na kwamba huenda wakakupasua. Anasema umemuuliza mara mbili kama mtoto bado anacheza. Ameniuliza mimi ni nani wako. Nimemwambia mimi ndiye niliyekulea.

Niko kwenye benchi, mlango wa tatu kutoka kwako. Nasikia gurudumu la kitanda chako likisogezwa. Ukitaka nikae hapa hapa, nitakaa, na sitakasirika, naapa kwa mama. Kutoka hapa naweza kukuombea na kukufulia. Siingii mpaka uniite, na ukiniita uwe umefikiri, kwa sababu likitokea lolote nikiwa ndani, sote wawili tutalibeba maisha yetu yote.

Dada yako


Dada,

Naandika nimelala, usome pole pole.

Mtoto anacheza, lakini si kama jana. Nimeambiwa uko nje, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kulifunika tumbo kwa mikono yote miwili. Nakuambia ili ujue. Nimefikiri, kama ulivyosema. Hofu haijaondoka, na nadhani haitaondoka leo, wala kwa kitabu chochote.

Naogopa nikiwa na wewe. Bila wewe naogopa zaidi.

Ingia, Dada, na hofu yako hivyo hivyo. Njoo tuogopee humu ndani.

Mdogo wako